Hapo, Huko au Humo? Ngeli ya Mahali na Uchunguzi wa Kisayansi wa Vituo vya Sindano katika Tiba ya Kichina

Utangulizi

Mfasiri wa matini za afya anapoifikia tiba ya sindano ya Kichina, ambayo wengi huiita akyupancha, hapati taabu na sindano. Sindano inajulikana. Taabu humjia anapotaka kupataja mahali inapochomwa. Je, paitwe nukta, pointi, tundu, kitobo au kituo? Huenda swali hili likaonekana dogo, la kutatuliwa kwa kufungua kamusi na kuchagua neno la kwanza. Hata hivyo, kila mojawapo ya maneno hayo linabeba dai kuhusu mwili wa binadamu. Mgonjwa anayesoma kwamba mwili una nukta 361 za tiba ataamini kuwa nukta hizo zimewahi kuonekana kama vile mifupa na mishipa ilivyoonekana. Akiuziwa kifaa cha umeme kinachosemekana kuzitafuta, atatoa fedha zake kwa sababu neno limekwisha kumhakikishia kwamba kipo kitu cha kutafutwa.

Makala haya yanachunguza mambo mawili. Kwanza, yanafuatilia jinsi mahali pa kuchomwa sindano palivyotajwa na kuhesabiwa tangu zamani. Pili, yanaeleza yale ambayo sayansi imepata ilipojaribu kupima sifa za kimaumbile za mahali hapo. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba Kiswahili, kwa kuwa na ngeli ya mahali yenye viambishi PA-, KU- na MU-, kina uwezo wa kuyapambanua madai ambayo neno moja la lugha nyingine huyachanganya.

Kutoka Pango hadi Nukta

Neno la Kichina linalotumiwa kwa mahali pa kuchoma sindano ni "xue". Maana yake ya asili ni pango au shimo katika ardhi. Wajapani, fauka ya kutumia istilahi rasmi zilizotokana na Kichina, wana neno la kawaida "tsubo", ambalo pia ni jina la chungu au mtungi. Maneno yote mawili yanataja kitu chenye uwazi ndani yake. Hali kadhalika, majina ya vituo vyenyewe yamejaa sitiari za mandhari. "Hegu", kilicho baina ya kidole gumba na cha shahada, ni bonde la makutano. "Quchi", kwenye kiwiko, ni kidimbwi kilichopinda. "Yongquan", chini ya unyayo, ni chemchemi inayobubujika. "Neiguan", karibu na kifundo cha mkono, ni lango la ndani. Njia zinazoviunganisha vituo hivyo huitwa "jing", neno linalohusiana na nyuzi za mtande katika ufumaji. Mwili, kwa mtazamo huu, ni nchi yenye mabonde, maji na malango, na tabibu ni msafiri anayeyajua mapito yake.

Nchi hiyo haikuchorwa kwa siku moja. Mwaka wa 1973, wanaakiolojia walifukua maandishi ya hariri katika kaburi la Mawangdui, mkoani Hunan, lililofungwa mwaka wa 168 K.K. Maandishi hayo yanataja njia 11 za mwili na matibabu ya kuunguza mimea juu ya ngozi, lakini hayavitaji vituo vya sindano kwa mfumo uliokuja kujulikana baadaye. Kitabu cha Huangdi Neijing, kilichokusanywa katika karne zilizofuata, kinazungumzia vituo 365, idadi inayolingana na siku za mwaka, ingawa vilivyotajwa humo kwa majina ni takriban 160 tu. Huangfu Mi, katika karne ya 3 B.K., aliorodhesha 349. Mwaka wa 1026, chini ya utawala wa nasaba ya Song, Wang Weiyi aliandika mwongozo wenye vituo 354, na muda mfupi baadaye sanamu za shaba zenye matundu zikasubiwa kwa ajili ya kufundishia na kutahini wanafunzi. Mwaka wa 1817, Li Xuechuan alifikisha idadi hiyo 361.

Inafaa msomaji aitafakari historia hii kwa makini. Idadi ya mifupa ya mtu mzima haikubadilika kati ya nasaba moja na nyingine. Idadi ya vituo ilibadilika, na angalau mara moja ilitangulizwa na hesabu ya siku za mwaka kabla ya majina kupatikana. Ni wazi basi kwamba vituo havikugunduliwa kama kisiwa kigunduliwavyo. Vilikusanywa kutokana na uzoefu wa matabibu, nadharia za ulimwengu na mahitaji ya darasa.

Huko Ulaya, daktari Mholanzi Willem ten Rhijne, aliyekuwa amefanya kazi nchini Japani, alichapisha maelezo ya tiba hii mwaka wa 1683 na kuipa jina la Kilatini linalounganisha sindano na kitendo cha kuchoma. Katika karne ya 20, Mfaransa George Soulié de Morant alieneza mazoea ya kuziita njia hizo kwa jina la mistari ya longitudo, na "qi" akaifasiri kuwa nishati. Pango likawa nukta, mtande ukawa mstari wa ramani, na jambo ambalo halikuwa na fasiri rahisi likaazima hadhi ya fizikia.

Lakini si haki kumtwika mfasiri lawama yote. Sanamu ya shaba ilikuwa na tundu dogo lenye ukingo dhahiri miaka mia kadhaa kabla ya Ten Rhijne kuzaliwa, na mwanafunzi aliyetahiniwa kwayo alilipata au alilikosa. Ufundishaji ulikuwa umekwisha kuligeuza pango kuwa nukta. Tafsiri iliukamilisha mchakato huo tu.

Ngeli ya Mahali kama Kiunzi

Kila mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili anajua kwamba PA- huonyesha mahali mahususi, KU- huonyesha eneo pana au lisilodhihirika, na MU- huonyesha ndani. Mezani pana kitabu, shambani kuna ng'ombe, chumbani mna giza. Hatuwezi kuibadilisha mianzo hiyo bila kubadilisha maana.

Tukiuliza kama kituo cha sindano kipo, tunauliza maswali matatu kwa pamoja. Je, pana kitu hapo juu ya ngozi, mahali palepale pasipo jirani? Je, mna kitu humo ndani ya nyama na mishipa? Au kuna athari huko katika eneo zima, bila kujali sana sindano imeingilia wapi? Uchunguzi wa kisayansi wa miaka zaidi ya 70 unaweza kupangwa chini ya maswali haya matatu.

PA-: Je, Pana Nukta Hapo?

Swali la kwanza liliulizwa kwa kutumia umeme. Mwaka wa 1950, daktari Mjapani Yoshio Nakatani alitangaza kwamba baadhi ya sehemu za ngozi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi kuliko sehemu zinazozizunguka, na kwamba sehemu hizo zilifuata njia zilizoelezwa katika vitabu vya kale. Reinhard Voll nchini Ujerumani na J. E. H. Niboyet nchini Ufaransa walifuata mkondo uo huo. Katika miaka ya 1970, Robert Becker na Maria Reichmanis nchini Marekani walipima vituo vya mkono na kuripoti kwamba baadhi yake, wala si vyote, vilitofautiana kiumeme na ngozi ya kando.

Matokeo haya yanavutia, ila ngozi ni shahidi mgumu kuhojiwa. Sehemu kubwa ya ukinzani wake dhidi ya umeme imo katika tabaka jembamba la nje lenye chembe zilizokufa. Tabaka hilo likilowa jasho, ukinzani hushuka. Mpimaji akiikandamiza ncha ya kifaa kwa nguvu zaidi, hushuka. Akikawia mahali pamoja, au akiparudia mara kwa mara, hushuka. Mkwaruzo mdogo usioonekana kwa macho unatosha kuleta tofauti. Kwa hivyo mpimaji anayejua mapema kituo kinapotarajiwa kuwa anaweza, bila kukusudia hila yoyote, kukitengeneza kwa mkono wake mwenyewe. Waswahili husema kwamba msema pweke hakosi. Kipimo kisicho na ngozi ya kulinganishia, na kinachofanywa na mtu asiyefichwa anachokipima, ni msema pweke.

Mwaka wa 2008, Andrew Ahn na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti zilizokuwapo. Zilizokidhi vigezo vyao zilikuwa 18, na 9 kati yake zilihusu vituo. Tafiti 5 kati ya hizo 9 zilionyesha uhusiano baina ya vituo na ukinzani mdogo wa umeme. Idadi hiyo ni nusu na ushei tu, na kwa jumla ubora wa tafiti hizo ulikuwa duni. Hitimisho lao lilikuwa kwamba ushahidi hautoshi kuthibitisha kuwa vituo hutambulikana kwa umeme.

Mwaka uo huo wa 2008, Shirika la Afya Duniani, kupitia ofisi yake ya Pasifiki Magharibi, lilitoa mwongozo wa kimataifa wa mahali vilipo vituo 361. Wataalamu wa Uchina, Japani na Korea walikuwa wameianza kazi hiyo mwaka wa 2003. Walipolinganisha vitabu vyao walikuta wanatofautiana kuhusu vituo 92. Walikubaliana kuhusu 86, na vituo 6 vikabaki na mapendekezo mawili mawili. Mwongozo huo ni wa manufaa makubwa kwa mafunzo na utafiti, kwani huwawezesha watu wawili kuzungumzia mahali pamoja. Lakini msomaji asichanganye makubaliano na ugunduzi. Kama kipimo cha umeme kingeweza kukionyesha kituo bila shaka, wataalamu hawangehitaji miaka kadhaa ya mikutano. Wangepima.

Aidha, kipimo cha asili cha tiba hii hakikukusudia nukta kamili. Kituo hutafutwa kwa "cun", kipimo kinachotokana na mwili wa mgonjwa mwenyewe. Upana wa kidole chake gumba ni cun 1, na kutoka mkunjo wa kiwiko hadi mkunjo wa kifundo cha mkono ni cun 12. Baada ya kupima hivyo, tabibu hupapasa ili asikie kishimo au ahisi maumivu. Huyo anatafuta bonde.

MU-: Je, Mna Kitu Humo Ndani?

Swali la pili limewapeleka watafiti chini ya ngozi. Safari hiyo ina mifano ya kutahadharisha. Katika miaka ya mapema ya 1960, Kim Bong-han wa Korea Kaskazini alitangaza kwamba ameona vijifereji na vijivimbe ambavyo ndivyo njia na vituo vyenyewe. Kufikia katikati ya mwongo huo machapisho yake yalikatika, naye akatoweka katika kumbukumbu za umma. Kikundi cha watafiti katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul kiliufufua uchunguzi huo mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini madai hayo hayajaingia katika anatomia inayokubalika kwa jumla. Nchini Ufaransa, Pierre de Vernejoul na Jean-Claude Darras walidunga madini nururishi kwenye vituo, na mwaka wa 1985 wakaonyesha picha za mistari iliyofanana na njia za kale. Watafiti wengine walipolirudia jaribio hilo waliona kwamba mistari hiyo ilielezeka vyema kama madini yaliyobebwa na damu katika vena.

Matokeo ya kutegemewa zaidi yametokana na tishu unganishi, yaani utando unaozifunika na kuzitenganisha misuli. Helene Langevin, wa Chuo Kikuu cha Vermont, pamoja na wenzake, walishughulikia jambo ambalo matabibu wamelisimulia kwa karne nyingi: sindano ikizungushwa, nyama huishika. Katika jaribio la mwaka wa 2001 lililohusisha watu 60 wenye afya, walipima nguvu iliyohitajika kuichomoa sindano. Kuizungusha upande mmoja kuliongeza nguvu hiyo kwa asilimia 167. Katika vituo, nguvu iliyohitajika ilizidi ile ya sehemu za kulinganishia kwa asilimia 18. Tofauti hii ina funzo. Mshiko upo kila mahali, kwa kuwa nyuzi za tishu hujisokota kwenye sindano kama uzi kwenye pia. Katika vituo huongezeka tu, tena kwa kiasi kidogo.

Mwaka wa 2002, Langevin na Jason Yandow waliripoti kwamba asilimia 80 ya vituo vya mkono walivyovichunguza katika vipande vya maiti vililingana na mipaka ya tishu unganishi baina ya misuli au ndani yake. Hapa mabonde ya kale yanapata maana ya kianatomia, kwani kidole kinachopapasa huzama palipo na mwanya kati ya misuli. Hata hivyo, mkono umejaa mianya ya aina hiyo, na wala si kila mwanya ni kituo.

Neva nazo zimetoa ushahidi. Mwaka wa 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester walizungusha sindano katika kituo cha zusanli kwenye mguu wa panya, wakaona adenosini, kemikali inayotuliza maumivu, ikiongezeka takriban mara 24 karibu na sindano. Panya waliokosa kipokezi cha kemikali hiyo hawakupata nafuu. Lakini adenosini hutolewa pia tishu inapojeruhiwa mahali pengine popote, kwa hivyo jaribio hilo linaieleza sindano kuliko linavyokieleza kituo. Mwaka wa 2021, Liu Shenbin, Ma Qiufu na wenzao walionyesha katika jarida la Nature kwamba umeme mdogo kwenye mguu wa nyuma wa panya uliiamsha neva ya vagasi na tezi za adrenali, na hivyo kupunguza madhara ya kinga ya mwili iliyopindukia. Umeme wa kiwango hicho kwenye tumbo haukuleta matokeo hayo. Sababu waliyoitaja ni kwamba neva za aina fulani zimo katika tishu za kina za mguu, lakini hazimo katika zile za ukuta wa tumbo. Basi mahali ni muhimu, na umuhimu wake unatokana na kilichomo.

KU-: Je, Kuna Athari Huko?

Swali la tatu ndilo linalomgusa mgonjwa moja kwa moja. Iwapo ni lazima sindano iingie kituoni, mgonjwa aliyechomwa kando anapaswa kupata nafuu ndogo kuliko aliyechomwa penyewe. Nchini Ujerumani, jaribio lililochapishwa mwaka wa 2007 liliwahusisha wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo. Kundi la kwanza lilichomwa kwenye vituo vya kale. La pili lilichomwa juujuu mahali pasipo vituo. La tatu lilipewa tiba ya kawaida ya dawa na mazoezi. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6, asilimia 44.2 na asilimia 27.4 kwa mfuatano huo.

Takwimu hizi humtatiza anayetaka jibu la ndiyo au la. Mtetezi wa tiba ya sindano anaweza kuonyesha kwamba makundi yote mawili ya sindano yaliishinda tiba ya kawaida. Mpinzani anaweza kuonyesha kwamba tofauti baina ya kituo na pasipo kituo ni asilimia 3.4 tu. Wote wawili wanasema kweli. Uchambuzi mkubwa zaidi, uliochapishwa na Andrew Vickers na wenzake mwaka wa 2018 kutokana na majaribio 39 na wagonjwa 20,827 wenye maumivu sugu, ulipata picha inayokaribiana na hiyo: sindano za kweli ziliwapita wagonjwa wa sindano za bandia kwa kiasi kidogo, na waliokosa sindano kabisa kwa kiasi kikubwa zaidi. Sehemu kubwa ya nafuu huenda inatokana na matarajio ya mgonjwa, uangalizi wa tabibu na kuchomwa kwenyewe, popote panapochomwa.

Funzo kwa Watumizi wa Kiswahili

Matokeo hayo yakiwekwa pamoja, dai la PA- ndilo dhaifu kuliko yote. Dai la MU- lina nguvu ya wastani na linazidi kuchunguzwa, hasa kuhusu neva na tishu unganishi. Dai la KU- lina ushahidi wa majaribio makubwa kuhusu maumivu, ijapokuwa kiini chake bado kinabishaniwa. Kwa bahati mbaya, neno "nukta" ni la PA- kwa asili yake. Nukta haina upana wala kina. Atumiaye neno hilo amechagua, pengine bila kujua, lile dai lisilo na ushahidi wa kutosha.

"Kituo" lina nafuu. Limetokana na kitenzi tua, na huonyesha mahali pa kutulia penye nafasi. Kasoro yake ni kwamba msomaji anaweza kufikiria kituo cha afya, kwa hivyo inafaa liambatane na kivumishi: kituo cha sindano. Makala haya yamelitumia kwa sababu hiyo. Wengine wanaweza kupendelea "kishimo", ambalo linaikaribia zaidi maana ya "xue". Lililo muhimu ni kwamba mfasiri aeleze katika sentensi yake ni dai lipi linalotolewa. Kuandika kwamba "vituo 361 vimekubaliwa na wataalamu" ni kusema kweli. Kuandika kwamba "sayansi imegundua nukta 361" ni kumdanganya msomaji, hata kama kila neno limo katika kamusi.

Kiswahili chenyewe kinatoa onyo. Katika tiba ya jadi ya kuumika, chuku ni pembe inayotumiwa kuvutia damu, na kupiga chuku ni kuumika. Msemo huo huo leo hutumiwa kumaanisha kutia chumvi katika maneno. Yamkini wazee walitambua kwamba matibabu na maneno yanayoyasifu hukaa kibanda kimoja.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba vituo vya sindano vilikusanywa, vikahesabiwa na kupatanishwa katika historia ndefu, na kwamba vipimo vya umeme havijathibitisha kuwapo kwa nukta dhahiri juu ya ngozi. Yameonyesha pia kwamba chini ya ngozi mna tishu na neva zinazoitikia sindano, na kwamba kuna nafuu kwa baadhi ya maumivu ambayo haitegemei sana usahihi wa mahali. Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa isimu na tafsiri washirikiane na wenzao wa vitivo vya tiba ili kuziunda istilahi za fani hii mapema, kabla hazijazoeleka zile za matangazo ya biashara. Inapendekezwa pia kwamba ngeli ya mahali, ambayo aghalabu hufundishwa kwa mifano ya meza, shamba na chumba, ifundishwe kama chombo cha kufikiria. Mgonjwa anayeambiwa "pana nukta hapa" ana haki ya kuuliza kama ni kweli pana, au kuna, au mna, na lugha yake imempa maneno ya kuulizia.